Tokeni imelipwa, kidude hakitumi: tafuta mmezaji ndani ya nyumba

Kwa wale waliofungiwa mita juu ya nguzo na kuachiwa kidude cha kubonyeza nambari ndani ya nyumba, malalamiko ni yale yale kila mtaa. Pesa zimetumwa, nambari 20 zimekuja kwa simu, mtu anabonyeza, kidude kinafikiri kidogo halafu kinakata tamaa. Anabonyeza tena, na tena. Friji iko kimya na samaki wameanza kutoa maji.

Mimi hutengeneza stima za majumbani, na simu za namna hii nazipata kila wiki. Mwisho wa mwezi zinaongezeka. Wengi wanaponipigia huwa tayari wameamini kwamba mita imekufa. Mara nyingi mita ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni njia ya ujumbe kutoka soketini hadi kwenye nguzo.

Kidude hicho (kwa mita nyingi za aina hii, ingawa zipo zinazotumia mawimbi ya hewani) huongea na mita kupitia waya zile zile za stima. Stima yetu ni volti 240, nayo hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Juu yake kidude kinapanda ishara ndogo sana inayotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Ulaya wametenga masafa ya kilohezi 3 hadi 95 kwa kampuni za umeme kwa kazi kama hii. Fikiria mtu anayenong'ona kutoka chumbani akitaka asikike barabarani.

Teknolojia hii si ngeni. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mtindo wa X10 wa kuwasha na kuzima taa na vyombo vya nyumbani kwa ishara za kilohezi 120 zinazopita kwenye waya za nyumba. Ulipendwa sana Marekani, na huko ndiko watu walikojifunza tabu zake. Taa iliyotii amri jana leo haitii, na ukichunguza unakuta kilichobadilika ni televisheni mpya iliyochomekwa chumba cha pili. Wakajua kuwa maadui ni wawili: mpiga kelele na mmezaji.

Mpiga kelele ni chombo kinachotupa fujo kwenye waya, kama chaja ya bei ya chini au balbu ya LED isiyo na chujio ndani yake. Mmezaji hana kelele yoyote. Ndani yake kuna kapasita iliyolala kati ya laivu na nyutro. Stima ya kawaida haimsumbui, lakini ishara ya kasi ikifika pale humezwa karibu yote. Televisheni, kompyuta na vifaa vya kulinda friji vingi vina kapasita ya namna hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tokeni ikiisha, mita hukata stima, na mwenye nyumba anasema, "Kwani kuna haja gani ya kuchomoa vitu, na stima yenyewe haipo?" Haja ipo. Stima ikikatika, wapiga kelele wa nyumbani mwako hunyamaza kwa kuwa hawana nguvu ya kupigia kelele. Mmezaji hahitaji stima ili ameze. Kapasita iko pale pale kwenye waya, nyumba iwe na mwanga au iwe giza.

Mama mmoja wa Kisauni, ambaye riziki yake ni barafu na juisi, alikaa siku mbili bila stima huku tokeni iko mkononi. Akaja kijana akamwambia, "Mama, nipe kitu kidogo nikuunganishie moja kwa moja." Namshukuru Mungu alikataa. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na nguzo ile ina moto wa kuua. Nilipofika nilimwomba tuchomoe kila kitu, pamoja na kijisanduku kidogo chenye taa ya kijani alichouziwa barabarani kwamba kinapunguza bili. Tokeni ikaingia mara ya kwanza. Tulipokirudisha kile kijisanduku peke yake, kidude kikapoteza mawasiliano papo hapo.

Vijisanduku hivyo, vile nilivyowahi kuvifungua, ndani mna kapasita kubwa tu na taa. Bili ya nyumbani haipunguzi, kwa sababu mita ya nyumbani inahesabu nguvu iliyotumika kweli, nayo kapasita haiigusi. Ila kwa kumeza ishara, sijaona bingwa kama huyo.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, anza na betri. Vidude vingi vina betri ndogo nyuma, nazo ndizo zinazokiwezesha kuandika stima ikiwa imekatika. Kioo kikiwa cheusi, badilisha betri, na ukwangue ile kutu ya kijani kwenye vyuma vyake. Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Kisha kichomeke kidude moja kwa moja ukutani, kwenye soketi iliyo karibu na swichi kuu. Usipitishe kwenye ekstensheni, kilinda friji wala inveta. Chomoa kila kitu nyumba nzima. Usitosheke na kuzima swichi, maana zipo soketi zilizofungwa ovyo, swichi inakata nyutro na laivu imebaki. Bonyeza tokeni. Ikiingia, rudisha vitu kimoja kimoja ukijaribu mawasiliano kila mara, na mmezaji atajitokeza mwenyewe.

Nyumba zetu za zamani zilizogawanywa vyumba vya kupangisha zina kisa kingine. Unaweza kuta soketi ya sebuleni mwako imevutwa kutoka mita ya jirani wa chini. Kidude chako kikiwekwa hapo kinanong'ona kwenye waya wa watu. Kupima ni rahisi: siku stima ipo, zima swichi kuu yako. Soketi ikibaki na moto, si yako, na pengine kuna mazungumzo ya kufanya na mwenye nyumba.

Angalia pia jibu unalopewa. Tokeni ikikataliwa haraka, hiyo mara nyingi ni mita yenyewe imejibu, maana yake njia ni safi na shida ni nambari: umekosea tarakimu, au tokeni ni ya mita nyingine. Kidude kikisubiri kisha kikashindwa, hapo ndipo pa kutafuta mmezaji.

Umechomoa vyote, betri ni mpya, soketi ni yako, na bado kimya? Basi tatizo huenda liko kati ya nyumba na nguzo: kiungo kilicholegea, waya ulioliwa na chumvi, au mita yenyewe. Huko usipande wala usimpandishe mtu. Piga simu kwa kampuni ya umeme, wape nambari ya mita, na uwaambie ulichokwisha kujaribu, ili wakija waje na ngazi badala ya kuja kukuuliza kama umebadilisha betri.