Lwiro: sokwe mmoja ni deni la miaka 50

Kila tukizungumzia kituo cha Lwiro hapa redioni, swali moja linarudi: « Banyama banakula kila siku, na siye je? » Ni swali la haki. Tujaribu kueleza.

Kituo kiko katika teritwari ya Kabare, karibu kilometa 45 toka Bukavu, pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na CRSN, kile kituo cha utafiti chenye majengo ya wakati wa Wabelgiji. Leo kinatunza sokwe zaidi ya 100, wale wengi wetu tunawaita sokomutu, na kima wengi pia. Hawauzwi, na hawauawi kwa sababu nafasi imekwisha. Kinaishi hasa kwa michango, na mingi inatoka ng'ambo.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mtoto wa sokwe akiletwa leo akiwa na mwaka mmoja, akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 50. Mfadhili yeye anaahidi mwaka mmoja, miwili, kisha anaangalia mahali pengine. Kwa hiyo anayempokea yule mtoto anachukua deni ambalo pengine atakayelimaliza bado hajazaliwa. Ndiyo maana majike wanawekewa dawa ya kuzuia mimba: kila anayezaliwa humo ndani anakula sahani ya yatima atakayeletwa kesho.

Wengine wanasema: basi warudishwe porini. Si rahisi. Sokwe hunyonya mpaka miaka minne au mitano, na maisha ya msituni anafundishwa na mama yake. Huyu mama yake aliuawa. Ukimwachilia peke yake, sokwe wenyeji wanaweza kumuua kama mgeni, ama yeye awapelekee ugonjwa alioupata kwa watu.

Turudi kwenye lile swali la njaa. Pesa iliyotolewa kwa ajili ya wanyama, mwenye kuitoa hakuitoa kwa kitu kingine. Lakini haiishii kwa wanyama: wanaowalisha na kuwasafishia ni watu wa pale, na ndizi, viazi na mboga hutoka katika mashamba ya majirani. Jibu hili halishibishi kila mtu, tunajua.

Hatari kubwa ni njia ya pesa yenyewe. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Kavumu na Bukavu, mabenki yalifunga. Mchango unaweza kuwa umeshatumwa na usifike mkononi, na sokwe hangoji benki ifunguliwe.

Sasa wewe ukikuta mtoto wa sokwe anauzwa, usimnunue, hata kwa huruma. Kituo chenyewe hakinunui: ukilipa leo, muwindaji kesho anarudi msituni kuua mama mwingine. Tena sheria ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa asili inamlinda sokwe. Kumfuga nyumbani ni kosa. Julisha ICCN ama mlinzi wa mbuga aliye karibu. Wakati unawangojea, usimkumbatie wala usimlishe kwa mkono. Mafua yako wewe yanaweza kumuua, na yeye anaweza kukuambukiza ya kwake.