Ukienda Visiwa vya Kiunga Msimu wa Kusi, Tazama Ndege Ukiwa Mashuani

Likizo ya Agosti inapokaribia, kuna wakazi wa Lamu wanaopanga safari ya Kiwayu na visiwa vilivyo kaskazini yake. Karibuni. Ila miezi hiyo ndiyo ambayo vile visiwa vidogo vya mawe, vinavyoonekana vitupu ukiwa mbali, huwa vimejaa mayai.

Hifadhi ya Kitaifa ya Baharini ya Kiunga ilitangazwa mwaka wa 1979. Ina ukubwa wa takriban kilomita 250 za mraba na visiwa vipatavyo 50 vilivyojipanga sambamba na pwani hadi karibu na mpaka wa Somalia. Visiwa hivyo na miamba ya matumbawe huvunja nguvu ya mawimbi, na ndiyo sababu upande wa ndani una maji matulivu, mikoko na nyasi za bahari ambazo ni chakula cha kasa na nguva.

Ndege aina ya buabua hutaga hapo wakati wa kusi, hasa kati ya Julai na Septemba. Hawajengi kiota cha kuonekana. Yai moja au mawili huwekwa kwenye shimo dogo, chini ya kichaka au kati ya mawe, na rangi yake hufanana na mwamba, kwa hivyo ni rahisi kulikanyaga bila kujua. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea bila mtu kukanyaga chochote. Mtu akishuka, kundi zima huruka na kubaki likizunguka juu likipiga kelele. Watoto hufurahia sana kuliona. Wakati huo mayai yako wazi kwenye jua la mchana, na shakwe hushuka kuyala. Yai huhitaji takriban wiki tatu kuanguliwa. Nusu saa ya picha inaweza kuliharibu.

Kwa hiyo tazama ukiwa mashuani, na wakianza kuruka, ujue umekaribia mno. Ombi hili ni kwa wavuvi wa dago pia. Uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa katika hifadhi, tofauti na mbuga ya baharini, lakini kisiwa chenye ndege wanaotaga hakifai kupigwa kambi.

Kwenye fukwe za mchanga, kasa hupanda usiku kutaga. Tochi na moto humfanya arudi majini kabla ya kutaga, na huwapotosha watoto wanaotafuta bahari kwa kufuata mwanga. Ukiona alama za mburuzo mchangani, usichimbe. Arifu BMU ya karibu au maafisa wa KWS. Kumuua kasa ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013.

Hifadhi inasimamiwa na KWS, si serikali ya kaunti, kwa hivyo ulizia ada kwao. Hali ya usalama pia iulizwe kabla ya kuondoka. Mwambie nahodha mapema ili apange safari na maji. Kusi likiwa kali, pitieni ndani ya visiwa, kila abiria akiwa na jaketi la kuokoa maisha. Takataka zenu zirudi Amu. Kiwayu haina lori la kuzibeba.