Saa za Glashütte na Joto la Pwani

Katika mitaa ya Magomeni, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, fundi saa aghalabu huketi barazani nyuma ya sanduku dogo la kioo. Kazi yake kubwa siku hizi ni kubadilisha betri na mikanda. Hata hivyo, mara mojamoja huletewa saa ya zamani, ile inayotiwa ufunguo. Mwanafunzi akiielewa saa hiyo ataelewa pia kwa nini mji mdogo wa milimani nchini Ujerumani ulipata sifa duniani, na jinsi sifa hiyo inavyohusiana na jambo linalojulikana na kila mkazi wa Dar es Salaam, yaani joto.

Kamani na gurudumu la mizani

Saa ya kutia ufunguo huendeshwa na kamani, yaani utepe wa chuma cha pua uliozongwa. Kamani inapojikunjua huyasukuma magurudumu yenye meno, nayo magurudumu huzisukuma akrabu. Kama pasingekuwa na kizuizi, kamani ingejikunjua yote mara moja. Kizuizi hicho huongozwa na gurudumu la mizani, ambalo huenda huku na huko likirudishwa na kamani ya pili iliyo nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi gurudumu hilo hupiga mara 5 kila sekunde, sawa na mara 432,000 kwa siku.

Adui wa mapigo hayo ni joto. Chuma cha pua kikipata joto hulegea kidogo. Nguvu yake ya kujirudisha hupungua, na gurudumu huchelewa. Saa isiyo na kinga yoyote hupoteza kiasi cha sekunde 10 hadi 12 kwa siku kwa kila digrii moja ya sentigredi inayoongezeka. Kwa hiyo saa iliyorekebishwa Ulaya katika chumba chenye digrii 18, ikiletwa Dar es Salaam kwenye digrii 28, itachelewa kwa karibu dakika mbili kila siku.

Kwa mtu anayesubiri basi, dakika mbili si kitu. Kwa nahodha wa zamani zilikuwa suala la uhai. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja. Nahodha aliijua longitudo yake kwa kulinganisha majira ya jua ya mahali alipo na majira ya Greenwich yaliyohifadhiwa katika saa maalumu ya melini iitwayo kronometa. Karibu na ikweta, kosa la sekunde 4 ni sawa na kupotea kwa maili moja ya bahari. Kosa la dakika mbili ni maili 30, yaani zaidi ya kilomita 55. Meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890, zilitoka katika baridi ya Ulaya zikaja hadi pwani hii yenye joto, visiwa na miamba ya matumbawe. Ndiyo sababu huko Hamburg taasisi ya Deutsche Seewarte ilizipima kronometa katika viwango mbalimbali vya joto na baridi. Miongoni mwa mafundi waliozitengeneza walikuwamo wale wa Glashütte.

Mji uliokwisha madini

Glashütte upo katika milima ya Saxony, kusini ya Dresden. Uliishi kwa kuchimba madini ya fedha, na madini hayo yalipokwisha, wakazi walibaki maskini. Ferdinand Adolph Lange, aliyezaliwa mwaka 1815, alikuwa amejifunza ufundi kwa Gutkaes, fundi saa wa Dresden, kisha akafanya kazi Paris. Aliiomba serikali ya Saxony mkopo ili awafundishe vijana wa mji huo utengenezaji wa saa. Alipewa thaler 7,820, na tarehe 7 Desemba 1845 alianza kazi na wanagenzi 15.

Mwalimu yeyote atatambua busara ya mpango wake. Kila mwanagenzi alibobea katika sehemu moja ya saa, na baadaye Lange aliwahimiza wafungue karakana zao wenyewe. Aliweka vipimo vya metriki mahali pa vipimo vya kale vya Kifaransa, ili kijisehemu kilichochongwa na fundi mmoja kilingane na kile cha mwenzake. Mwaka 1864 alikamilisha bamba pana linalofunika robo tatu za mashine ya saa na kushika magurudumu imara. Muundo huo ungali alama ya saa za Glashütte. Alikuwa pia meya wa mji kwa miaka 18, akafariki mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1878, fundi mwenzake Moritz Grossmann alianzisha chuo cha ufundi saa mjini humo.

Mwanawe, Richard Lange, ndiye aliyelikabili lile adui joto. Mwanasayansi Charles-Édouard Guillaume, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, alikuwa amevumbua aloi za chuma na nikeli ambazo hazibadiliki sana kwa joto. Zilikuwa laini mno, hata hivyo. Richard Lange alitambua kwamba kuongeza berili kidogo kungezifanya ziwe ngumu zaidi na zenye kujirudisha vema. Alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1930, akiwa mzee.

Kuanguka na kurudi

Tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho ya vita Ulaya, mabomu yalikiharibu kiwanda cha Lange. Mwaka 1948 kampuni ilitaifishwa, na mwaka 1951 viwanda vya mji viliunganishwa kuwa shirika moja la umma, lililotengeneza saa za bei nafuu kwa wananchi wa Ujerumani Mashariki. Jina la Lange likatoweka, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa watu. Ujerumani ilipoungana, Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, aliisajili upya kampuni tarehe 7 Desemba 1990, miaka 145 kamili tangu ile ya kwanza.

Saa nne za kwanza zilionyeshwa tarehe 24 Oktoba 1994. Mashuhuri zaidi ni Lange 1, yenye tarehe ya tarakimu kubwa iliyoigwa kutoka saa ambayo Gutkaes aliijengea opera ya Dresden. Zilifuata Datograph mwaka 1999, Zeitwerk inayoonyesha majira kwa tarakimu mwaka 2009, na Odysseus mwaka 2019. Kila saa huunganishwa, hufunguliwa, kisha huunganishwa mara ya pili. Aghalabu majumba yake ni ya dhahabu au platini, na bei yake ni ya matajiri.

Ukweli mmoja hauna budi kusemwa. Saa ya betri inayouzwa kwa bei ndogo Kariakoo hutunza majira vizuri kuliko saa hizo za fahari, kwa sababu kipande chake cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kila sekunde na hakiathiriwi sana na joto. Kwa usahihi mtupu, shindano limekwisha. Faida ya kudumu kwa Glashütte ilikuwa ile ya wanagenzi 15: mji uliokwisha madini uliishi kwa ujuzi, na ujuzi ukavuka vita.

Zoezi kwa shule

Wanafunzi wa Temeke au Kinondoni wanaweza kufanya hesabu ya nahodha bila kronometa. Katikati ya Juni, simika fimbo wima ya mita moja uwanjani, uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 2 kuanzia saa 6 mchana. Kivuli kitakuwa kifupi kabisa kiasi cha saa 6 na dakika 23. Majira ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, na kila digrii moja ni dakika 4. Hivyo gawa 23 kwa 4, kisha toa jibu katika 45. Yatabaki digrii 39 na robo, ambayo ndiyo longitudo ya Dar es Salaam. Miezi mingine majira ya jua hupishana na ya saa hata kwa robo saa. Sababu yake darasa na liitafute.