Ngome, Anwani za Ndani na Barua Pepe: Mfano wa Mtaa wa Jericho

Istilahi "ukuta wa moto" humpotosha msomaji wa Kiswahili, maana humletea picha ya ukuta unaowaka, ilhali asili yake ni ukuta unaouzuia moto wa nyumba moja usiifikie ya pili. Neno "ngome" linafaa zaidi. Ngome ni seva inayosimama kati ya tarakilishi za shule au ofisi na intaneti, ikiamua kipi kipite na kipi kizuiwe.

Mkazi wa Jericho, Nairobi, anaujua mpango huu kwa njia nyingine. Nyumba yake ina nambari inayojulikana mtaani, lakini barua zake huenda zikafikia sanduku la posta la shule, kanisa au mwajiri, linalotumiwa na wengi. Ngome nayo ina anwani mbili. Ya nje hutolewa na kampuni ya intaneti. Ya ndani huchaguliwa katika mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani, ambayo kanuni yake ya mwaka 1996 ingali inafuatwa: yanayoanza na 10, na 192.168, na yale ya 172.16 hadi 172.31. Ngome ikipewa 192.168.10.1, tarakilishi hupewa 192.168.10.2 hadi 192.168.10.254, na zote huelekezwa kwa ngome kuwa njia ya kutokea. Fungu la ndani lisilingane na la nje, la sivyo ngome haitajua ujumbe uende upande gani.

Kuhusu barua pepe, malango machache yatosha: la 53 la kuulizia anwani ya seva kwa jina lake, la 587 la kupelekea barua, na la 993 la kuzisomea. Lango la 25, ambalo kwalo seva hupelekeana barua, liachiwe seva ya barua peke yake. Sababu ni kwamba walio nje huiona anwani moja tu. Tarakilishi moja yenye kirusi ikimwaga barua taka kupitia lango hilo, anwani ya wote huingizwa katika orodha ya waliokataliwa, na barua ya mwalimu asiye na hatia hurudishwa.

Hivyo, kuficha anwani za ndani si ulinzi kamili. Kinacholinda ni kanuni za malango, nazo ni dhamana ya wote wanaotumia anwani moja.