Je, Wajua? Kabla Hujaagiza Gitaa la Flamenko

Je, wajua kwamba gitaa la flamenko halikuundwa ili lisikilizwe peke yake? Kazi yake ya kwanza huko Andalusia, kusini mwa Hispania, ilikuwa kumfuata mwimbaji na mchezaji, katikati ya makofi na visigino vinavyotwanga sakafu. Chombo cha kazi hiyo hulia upesi, kwa ukali, kisha hukata sauti kupisha pigo linalofuata. Gitaa la klasiki hutakiwa livute sauti. Hili hutakiwa liiachie. Mnunuzi akilijua hilo, nusu ya maswali ya fundi ameshayajibu.

Wajua mgongo na mbavu zake ni za mti gani? Saipresi. Wala si kwa utukufu wowote: saipresi ya Mediterania, Cupressus sempervirens, ilipatikana jirani, bei yake nafuu, ubao wake mwepesi. Miti ya gharama iliyovuka bahari ilikuwa ya wenye nazo. Baadaye sauti ya gitaa la wasio nazo ikawa ndiyo sauti ambayo masikio ya flamenko huidai, na leo gitaa zuri la saipresi, liitwalo blanka, halina unafuu wowote.

Saipresi ya mashamba ya miti ya Kenya na nyanda za juu za Tanzania ni jamaa yake tu, Cupressus lusitanica, yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Usimbebee fundi ubao wa kenchi ukidhani umepunguza gharama. Yeye anataka ubao usio na kifundo, uliopasuliwa kutoka kiini cha gogo kuelekea gome, na uliokaushwa taratibu kwa miaka.

Wajua kuna gitaa lenye mgongo wa karatasi? Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi mzaliwa wa Almería ambaye ndiye chimbuko la umbo la gitaa la Kihispania la leo, aliunda gitaa lenye uso wa mbao lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio unaobeba sauti. Gitaa hilo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Kwa hiyo fundi akianza kukuonyesha mgongo wenye mistari ya kupendeza, msikilize kwa adabu, kisha muulize habari za uso.

Uso huwa wa aina mbili. Kuna sprusi ya Ulaya, Picea abies, mti wa milima ya baridi kama Alps, ambako hukua polepole na pete zake hubanana. Na kuna mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, Thuja plicata, ambao José Ramírez III wa Madrid aliupa umaarufu kwenye magitaa miaka ya 1960. Huo wa pili huitwa mwerezi kwa mazoea tu. Kwa ukoo si mwerezi wa kweli. Hutoa sauti nzito na tamu tangu siku ya kwanza. Sprusi huanza ikiwa imebana, kisha hufunguka kadiri inavyopigwa. Kwa flamenko mimi napiga kura kwa sprusi: sauti yake ina makali, na ubao wa Thuja ni laini mno, kucha huuchora upesi.

Na kucha zitaugusa, kwa sababu gitaa hili ni ngoma pia. Katikati ya wimbo mpigaji huugonga uso kwa vidole, hasa kidole cha pete. Ndiyo maana hubandikwa karatasi nyembamba ya plastiki, nyeupe au isiyo na rangi, kuukinga ubao. Omba iwe nyembamba. Kila kinachobandikwa juu ya uso huongeza uzito, na uzito huula mlio.

Je, wajua kwamba nyuzi za flamenko hukaa chini kuliko za klasiki? Kwenye freti ya 12, uzi mnene wa klasiki huinuka karibu milimita 4. Wa flamenko hukaa kwenye milimita 3 au pungufu. Darajani nako nyuzi huwa karibu na uso, takriban milimita 8, ili kidole kinachogonga kisisafiri mbali. Matokeo yake nyuzi hukwaruza freti kidogo zikipigwa kwa nguvu. Mwalimu wa klasiki angelirudisha gitaa kwa fundi. Wa flamenko hutabasamu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchelewa. Kwa ufundi wa Kihispania shingo haiungwi mwishoni: mbavu huchomekwa kwenye mifuo iliyochongwa kwenye kisigino cha shingo, na vyote hujengwa pamoja. Mwinamo wa shingo huamuliwa mapema, na mwinamo huo ndio unaoamua nyuzi zitakaa juu kiasi gani. Basi sema unachotaka kabla gundi haijapakwa. Urefu wa uzi uliozoeleka, kuanzia kichwani hadi darajani, ni milimita 650, kipimo kilichoenea kutokana na kazi ya Torres. Mwenye vidole vifupi aombe 640 bila haya.

Shingo yenyewe huwa ya Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki, mwepesi, unaonukia, ambao pia hutengenezewa masanduku ya sigara. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Wajua mti huohuo umekuwa kero Morogoro? Uliletwa kama mti wa kupandwa, ukatorokea msitu wa hifadhi wa Kimboza, na sasa ni mti vamizi unaoibana miti ya asili. Mafundi wa Granada wanaununua kwa bei ya heshima.

Nyuzi zikazwe kwa vigingi vya mbao au mashine za meno? Wapenzi wa taarab wanavijua vigingi kutoka kwenye udi: huzungushwa kwa mkono na kushikilia kwa msuguano tu. Hupunguza uzito wa kichwa na gitaa huonekana la kale, lakini kigingi kisichokaa sawasawa ni adhabu jukwaani. Siku hizi kuna vigingi vyenye meno madogo yaliyofichwa ndani, kwa nje huwezi kuvitofautisha na vya mbao. Ningechukua hivyo.

Ule mng'ao mwororo wa magitaa ya mkono? Ni utomvu wa mdudu. Kerria lacca hugandisha utomvu kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Ukiyeyushwa kwenye spiriti huwa shelaki, hupakwa kwa kitambaa tabaka baada ya tabaka.

Na nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo wa wanyama hadi miaka ya 1940, Albert Augustine wa New York alipotengeneza za nailoni.

Flamenko ilipoingia kwenye kumbi kubwa za tamasha, wapigaji wa solo walitaka sauti nene na yenye kudumu zaidi. Likashamiri gitaa liitwalo negra, lenye mgongo na mbavu za mti mweusi ambao Wahispania huuita palosanto. Wajua palosanto ni ndugu wa mpingo? Wa India ni Dalbergia latifolia, wa Brazil ni Dalbergia nigra, na mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Mpingo, ambao ubao wake huzama majini, umezoeleka zaidi kwenye klarineti na obo. Wapo mafundi wanaouundia migongo ya magitaa, ila shida ni upana: kila nusu ya mgongo inahitaji ubao wa karibu sentimita 20, na mpingo hukua polepole, ukipinda, mara nyingi ukiwa na uwazi ndani. Ukiutaka, tafuta uliovunwa kihalali, kama wa misitu ya vijiji vya Kilwa iliyopata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009.

Sheria nayo isikushtue bandarini. Dalbergia nigra imezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu 1992 chini ya mkataba wa CITES. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekwa chini ya udhibiti wa vibali. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa, isipokuwa vyenye ule mti wa Brazil. Yaani ubao mbichi wa mpingo unaompelekea fundi unahitaji kibali. Gitaa la mpingo unalorudi nalo halihitaji.

Likifika pwani, kumbuka liliundwa penye hewa kavu. Unyevu wa Tanga au Mombasa huvimbisha uso na kuinua nyuzi, kwa hiyo mwambie fundi mapema litaishi wapi, na ulitunze kwenye kasha lake. Na kabla hujamlipa kilichobaki, mwombe aandike kwenye risiti jina la kisayansi la kila mti aliotumia, kwa sababu ofisa wa forodha akikuuliza ni mti gani, "palosanto" halitamtosha.