Barakoa na amani: kwa nini kipande cha kitambaa kilileta ugomvi?



Tarehe 24 Julai 2021, mjini Kinshasa, mwanafunzi wa chuo kikuu alipigwa risasi na polisi, akafa. Ugomvi ulianza kwa sababu ya barakoa: polisi alimshika kwa kosa la kutoivaa. Barakoa, ambayo wengi wetu tunaiita cache-nez, ililetwa ili kuokoa maisha. Siku hiyo iligeuka kuwa sababu ya kifo.

Tunajua kwamba amri ile ya kuvaa barakoa imekwisha. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba ugonjwa wa Covid-19 si tena hali ya dharura ya dunia nzima. Lakini mabishano juu ya barakoa yametufunza jambo ambalo kila mpatanishi anapaswa kulishika: watu wengi hawakugombana juu ya kitambaa. Waligombana juu ya nani anayeaminiwa. Katika makala hii tunaeleza mambo yalivyokuwa, na namna ya kuzuia ugomvi kama huo ugonjwa mwingine utakapokuja.

Amri ilikujaje?

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 mwezi huo Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na mji wa Kinshasa ukatengwa na mikoa mingine. Kuanzia tarehe 20 Aprili, gavana wa Kinshasa aliamuru kila mtu avae barakoa hadharani. Asiyevaa alipaswa kulipa faini ya franka 5,000.

Wakati ule franka 5,000 zilikuwa karibu dola 3. Katika nchi ambamo watu wengi huishi kwa chini ya dola 2 kwa siku, faini hiyo ni chakula cha nyumba nzima. Mama anayeuza ndizi hawezi kukaa nyumbani, kwa maana akikaa watoto hawali. Kwa hiyo alitoka, na barakoa aliiweka shingoni au mfukoni, akiipandisha puani kila alipomwona polisi. Barakoa ikawa kama kibali cha kupita njiani. Watu waliivaa kwa kuogopa polisi, si kwa kuogopa ugonjwa. Na mara nyingi fedha ya faini haikujulikana imeingia katika mfuko gani.

Barakoa inafanya kazi gani?

Virusi vya Covid-19 hutoka katika pua na kinywa cha mgonjwa, pamoja na matone madogo na hewa anayoipumua, anapokohoa, anapoimba au anapoongea tu. Barakoa hupunguza kile kinachotoka kwa mwenye virusi, na kile kinachoingia kwa mwenzake. Haifungi njia yote. Barakoa ya hospitali huchuja vizuri kuliko kitambaa cha kawaida, na ile inayobana vizuri usoni huchuja zaidi. Ikiachwa chini ya pua, faida yake ni ndogo sana.

Jambo kubwa ni hili: mtu anaweza kuambukiza wengine kabla hajasikia homa wala kikohozi. Ndiyo maana wasio wagonjwa pia waliambiwa wavae. Anayevaa anamkinga jirani kuliko anavyojikinga mwenyewe. Lakini kumwomba mtu amkinge jirani asiyemjua ni kumwomba upendo. Upendo haulazimishwi kwa kiboko.

Kwa nini wataalamu walibadili maneno?

Wengi waliuliza: «Mwanzoni walituambia tusivae, baadaye wakatuambia tuvae. Tuwaamini wapi?» Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu.

Mwanzoni mwa Aprili 2020 OMS ilikuwa bado inasema kwamba barakoa ni za wagonjwa, wanaowatunza, na waganga. Hofu moja ilikuwa kwamba watu wote wakizinunua, waganga na wauguzi watazikosa. Tarehe 5 Juni 2020 OMS ilibadili shauri lake. Ilizitaka serikali zihimize watu kuvaa barakoa za kitambaa mahali ugonjwa umeenea na haiwezekani kuachana nafasi, kama sokoni na ndani ya magari ya abiria.

Sababu za mabadiliko hayo zilikuwepo. Watafiti walikuwa wamefahamu vizuri zaidi namna watu wasio na dalili wanavyoambukiza. Lakini huku kwetu amri ilifika bila maelezo. Mtu aliyesikia «usivae» mwezi wa Machi, kisha akatozwa faini mwezi wa Aprili, hakuona elimu inayokua. Aliona mchezo wa wakubwa.

Hata baadaye wataalamu waliendelea kubishana. Januari 2023, watafiti wa kundi la Cochrane walitoa ripoti iliyounganisha majaribio mengi ya nchi mbalimbali. Mara moja wengine wakatangaza kwamba barakoa hazifai kitu. Mwezi wa Machi mhariri mkuu wa Cochrane alieleza kwamba ripoti haikusema hivyo. Ilitafuta kujua kama kuwahimiza watu wavae kunapunguza ugonjwa, na majibu yaliyopatikana hayakutosha kukata shauri. Kusema «hatujapata jibu kamili» ni tofauti na kusema «hazifai». Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyopotea katika kelele.

Mzizi wa mashaka ya Kivu

Wengine walisema kwamba wakaaji wa Kivu walikataa barakoa kwa ujinga. Sisi hatukubali maneno hayo.

Covid-19 ilipofika, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa bado katika Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu 961 huko Beni na Butembo. Karibu mmoja kati ya wanne alisema kwamba Ebola si ya kweli.

Kwa nini? Huko Beni watu walikuwa wanauawa na vikundi vya silaha tangu Oktoba 2014. Walilia, na waliona msaada kidogo. Ebola ilipokuja, magari na fedha vikamiminika. Watu wakajiuliza: «Kwa nini wanaogopa Ebola kuliko mapanga?» Tena wengi walisema kwamba Ebola ni biashara, wakiona jinsi wachache walivyojaza mifuko.

Kisha ukaja uchaguzi. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura, lakini Beni na Butembo ziliambiwa zingoje hadi Machi 2019. Sababu mbili zilitolewa: Ebola na usalama. Lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, kabla ya watu hao kupiga kura. Siku chache kabla ya uchaguzi, waandamanaji wenye hasira walivamia kituo cha Ebola cha Beni. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa pia.

Lakini tukumbuke jambo lingine. Tarehe ile ile 30 Desemba, wakaaji wa Beni walipanga kura yao wenyewe, isiyotambuliwa na serikali. Walisimama kwa mstari, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Je, hao ni watu wasiojua kujikinga? Walijua sana. Walichokataa ni ugonjwa kutumiwa kuwanyima haki yao.

Katika hali hiyo, Aprili 2020, Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza mapambano ya Covid-19, alisema kwamba Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo. Watu walikasirika wakidhani kwamba Wakongomani watakuwa wa kwanza kujaribiwa, na ilimbidi aeleze upya kwamba sivyo. Huyu ni mtaalamu aliyekuwa katika mapambano ya Ebola tangu mwaka wa 1976. Kama maneno yake yaliweza kuleta hofu namna hiyo, tunaona jinsi mashaka yalivyokuwa mengi.

Si Kongo peke yake

Ugomvi wa barakoa haukuanzia kwetu. Mwaka wa 1918 homa kubwa ya mafua ilipoua watu dunia nzima, mji wa San Francisco huko Marekani uliamuru kila mtu avae barakoa. Wasiovaa walitozwa faini au kufungwa. Katika mji huo mkaguzi wa afya alimpiga risasi na kumjeruhi mtu aliyekataa kuvaa. Mwezi wa Januari 1919 wapinzani waliunda chama chao cha kupinga barakoa.

Karne moja imepita kati ya San Francisco na Kinshasa, na bunduki imetokea pande zote mbili. Hii inatuonyesha kwamba tatizo si tabia ya kabila fulani au nchi fulani. Pale kinga inapokabidhiwa kwa nguvu peke yake, ugomvi uko karibu.

Njia nyingine ilijaribiwa

Huko Bangladesh, kuanzia Novemba 2020 hadi Aprili 2021, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji waliacha mambo kama yalivyo. Katika nusu nyingine waligawa barakoa bure nyumba kwa nyumba, wakaeleza faida yake, wakawaomba viongozi na maimamu wavae mbele ya watu, tena wakaweka watu wa kuwakumbusha wenzao kwa upole njiani na sokoni. Hakuna aliyetozwa faini.

Katika vijiji vilivyoachwa, watu 13 kwa 100 walivaa barakoa vizuri. Katika vile vilivyosaidiwa, walifika 42 kwa 100. Mahali zilipogawiwa barakoa za hospitali, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa damu walipungua kwa karibu asilimia 11, na kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 walipungua kwa karibu asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa faida haikuonekana wazi hivyo. Ujumbe wa simu na zawadi ya fedha kwa kijiji havikuongeza kitu. Kilichosaidia ni barakoa mkononi, pamoja na mtu anayeongea na mwenzake uso kwa uso.

Basi, wapatanishi wafanye nini?

Kila ugonjwa una njia yake. Agosti 2024 OMS ilitangaza dharura kwa sababu ya mpox, ambayo aina yake mpya ilijulikana kwanza Kamituga, Kivu ya Kusini. Mpox huambukiza hasa kwa kugusana ngozi, kwa hiyo kinga yake ya kwanza si barakoa. Lakini namna ya kuongea na watu ni ile ile. Tunapendekeza mambo haya kwa viongozi wa dini, wakubwa wa nyumba kumi, vyama vya wamama na vijana:

1. Tuulize kabla ya kufundisha. «Unaogopa nini?» ni swali linalofungua mlango. Kuuliza si ujinga, na anayekataa kinga mara nyingi ana sababu ambayo bado hajaulizwa.

2. Tuseme tunachojua, na tukiri mapema kwamba shauri linaweza kubadilika. Aliyeonywa mapema hataona kwamba amedanganywa.

3. Tutoe kabla ya kudai. Asiyekuwa na fedha ya barakoa asitozwe faini ya barakoa. Mafundi wa kushona wa mtaa wapewe kazi hiyo.

4. Mkubwa aanze. Kiongozi anayeamuru barakoa na kuivua mwenyewe katika mkutano anaharibu kazi ya mwezi mzima.

5. Tukumbuke wenye shida ya pekee. Kiziwi husoma midomo, na barakoa inamfungia mazungumzo. Mtoto mdogo na mtu asiyeweza kupumua vizuri wasilazimishwe.

6. Tusiaibishane. Anayevaa asiitwe mgonjwa au mwoga. Asiyevaa asiitwe muuaji. Jina baya likishatoka, masikio hufungwa.

7. Polisi wawe walinzi. Kama kuna adhabu, iwe ndogo, iandikwe kwa risiti, na isitolewe kamwe kwa silaha.

Kwa kumaliza

Kinga ni bora kuliko tiba, wazee walisema. Na kuaminiana ni kinga inayotangulia zote, kwa maana bila hiyo hakuna anayemsikiliza mganga. Lakini imani hiyo haijengwi siku ugonjwa unapofika. Inajengwa sasa: mtaani kunapokuwa na maji, kura ya raia inapohesabiwa, na kilio cha waliovamiwa usiku kinapojibiwa. Katika mkutano wenu ujao wa mtaa, tunawaomba muulizane swali moja: kesho ugonjwa ukija, ni nani hapa kwetu ambaye watu wote watamsikiliza? Mkipata jina, anzeni kuongea naye leo. Mkikosa jina, hapo ndipo kazi yenu ya amani inapoanzia.