Kupanda Mti Si Kuupata

Atokaye Arusha mjini kwenda Terrat, kusini mwa jiji, huuacha nyuma ubichi wa Mlima Meru. Miteremko ya mlima hupata mvua nyingi. Tambarare ya chini ni kame. Na huko ndiko jiji linakopanuka. Kila kiwanja kikifyekwa, kivuli hupungua. Kiangazi vumbi latuingia nyumbani. Masika maji hayana pa kuzama, hupita milangoni.

Mti ni dawa ya hayo. Kivuli chake na mvuke wa majani yake hupoza hewa, na mizizi hufungua udongo, maji yakazama.

Basi, twakosea wapi? Twapanda, kisha twasahau. Marehemu Bibi Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka 1977 kwa miti 7 mjini Nairobi, na mingi ilikufa. Hakukata tamaa. Baadaye chama chake kiliwalipa akina mama kwa miche iliyoishi, si kwa iliyopandwa tu. Hapo pana fundisho.

Nawe fanya hivi: chimba shimo kabla ya mvua. Changanya udongo wa juu na samadi. Vua kiriba cha nailoni pasipo kuumiza mizizi. Tandaza majani makavu kuzunguka mche, kisha uzungushie miiba, mbuzi wasiufikie. Mringaringa wafaa sana kwa kivuli.

Halafu mpe kila mtoto mche wake aunyweshe kiangazi chote. Masika yajayo usimwulize, “Tulipanda mingapi?” Mwulize, “Mingapi i hai?”